Gauni la Chai Hujaribiwa Ukiwa Umeketi

Jumatatu usiku nilikuwa nasugua sufuria ya ugali, simu ikaita mlio wa ujumbe. Msomaji mmoja wa Rongai alikuwa ameandika: "Dada, samahani kwa usumbufu. Nimealikwa chai ya alasiri Jumamosi huko Karen, kwa rafiki ya bosi wangu. Wamesema tuvae vizuri. Nina elfu mbili. Nivae nini?"

Nikamwambia nitamjibu kesho yake, nikajifuta mikono, nikakaa. Sufuria ilibaki kwenye sinki mpaka asubuhi. Hayo maneno "tuvae vizuri" nayajua. Yaliwahi kunigharimu shilingi 6,500 na sehemu ya heshima yangu ambayo sijui kama niliirudisha yote.

Sote tunaopita hapa tunataka jambo moja, tusidanganyane: kuingia mahali watu wageuke, halafu sisi tujifanye hatukuona. Mimi waligeuka.

Ilikuwa 2022. Mwanamke niliyewahi kufanya kazi naye alitualika sita nyumbani kwake, bustanini, saa kumi. Sikuwahi kwenda chai ya namna hiyo. Kwetu chai ni kitu cha kunywa, hakina mwaliko. Ukimkuta mtu anakunywa, unaletewa kikombe. Nikaingia mtandaoni kutazama picha za wanawake wa Uingereza wenye makofia, nikaamua sitashindwa na mtu. Nikakopa kwenye simu, nikaenda duka moja la mjini ambalo jina nalificha, nikanunua gauni la satini la rangi ya waridi, mikono yake mipana kama kengele. Lilikuwa saizi 12. Mimi ni 14. Muuzaji akaniambia, "Madam, hii inakushika vizuri, na si utapungua?" Nilikuwa na siku tatu za kupungua.

Juu yake nikaongeza visigino virefu na fasineta, ile kofia ndogo ya manyoya inayokaa upande kama kuku aliyetua kichwani.

Kutoka Umoja mpaka mjini nilisimama, maana nilijua nikikaa satini itajikunja. Nikapanda 111 ya Ngong, unyoya ukagonga dari ya matatu, ukavunjika katikati. Makanga akasema, "Bibi harusi, songa kidogo tuingize watu." Abiria wakacheka. Ningekuwa na akili ningesikia huo ulimi wa kinabii nikateremka pale pale.

Nilipofika, wenzangu walikuwa wamevaa magauni ya kawaida ya pamba, viatu bapa, mmoja yuko na dera. Nikatembea kwenye nyasi kuwasalimia. Kila hatua kisigino kilizama, nikawa navuta mguu kama mtu anayeng'oa mihogo. Kisha nikakaribishwa kiti. Kilikuwa kiti kifupi cha bustani, kile ambacho magoti yako yanapanda juu kuliko kiuno. Nikakaa taratibu. Nikasikia mlio mdogo mgongoni, kama mtu anachana karatasi. Zipu.

Hakuna aliyejua bado, kwa hiyo nikaegemea nyuma nikawa mwanamke mwenye maringo. Ikaja sukari. Niliponyoosha mkono kuichukua, kengele ya satini ikapita juu ya kikombe changu, ikachovya, ikatoka na chai, ikaidondoshea sahani ya sandwichi za tango. Mgeni mmoja, mwanamke wa sauti nyembamba na miwani ya bei, akauliza meza nzima: "Kwani harusi ni ya nani?"

Wakacheka. Nikacheka pia, tena nikacheka zaidi yao. Nilikaa saa mbili nimegeuzia ua la miti mgongo wangu. Nilikula sandwichi moja. Jua lilipoanza kuzama baridi ikaniingia kupitia zipu, mwenye nyumba akaniletea sweta bila kusema neno, na huyo namshukuru mpaka leo. Deni la simu nililimaliza baada ya miezi miwili. Gauni lile bado liko kabatini, na kila nikitafuta shuka linanitazama.

Nitasema kitu hapa, anayejijua ajijue. Mwanamke mwenzako akija amepitiliza, ujue amepitiliza kwa sababu amekuheshimu. Ameamka, ametafuta, amekopa, ili asikuaibishe mbele ya wageni wako. Wewe unamlipa kwa kichekesho? Tunasema tunainuana, tuna vyama, tunachanga, tunapigiana vigelegele, halafu mmoja akikosea gauni tunamla nyama akiwa hai. Tubadilike, jameni.

Basi. Tulikuwa kwenye mavazi.

Baada ya aibu ile nilisoma, kwa hasira tu, nijue hii chai imetoka wapi. Anayetajwa sana ni Anna, mke wa bwana mkubwa mwenye cheo cha Duke wa Bedford huko Uingereza, ambaye karibu mwaka 1840 alikuwa anasikia njaa alasiri kwa sababu matajiri walikuwa wanakula chakula cha jioni usiku mno. Akawa anaagiza chai na mkate chumbani, kisha akaanza kuita marafiki. Njaa, basi, ndiyo asili ya mambo haya yote. Lililonikaa moyoni ni la baadaye: kufikia miaka ya 1870 wanawake wa huko walikuwa na gauni maalum la chai, na lilikuwa pana, halina ule mkanda wa kubana mbavu waliouvaa siku nzima. Walilivaa nyumbani, na marafiki wa karibu, wapumue. Yaani waliobuni chai hii walivaa kitu kinachokaribiana na dera. Rafiki yangu wa Kisauni, ambaye ndiye aliyekuja na dera siku ile, nilipomweleza alisema tu, "Sasa wewe ulidhani mimi nimevaa nini?"

Na mwaliko ukisema "hai tii" (high tea) usitetemeke. Huko kwao hicho kilikuwa chakula cha jioni cha wafanyakazi, chenye nyama, kinaliwa meza ya kawaida baada ya kazi. Mahoteli yetu yamelipandisha cheo jina hilo. Majani yenyewe yamepandwa Limuru tangu 1903, na Limuru unaenda kwa matatu. Hakuna anayeweza kukutisha kwa birika la chai katika nchi hii.

Sasa ushauri. Gauni la chai hujaribiwa ukiwa umeketi. Nikipewa nafasi ya neno moja ndilo hilo, na nitalirudia mpaka mchoke. Harusini unasimama, unacheza, unatembea na zawadi. Gauni linaonekana lote. Kwenye chai unakaa. Watu wanakuona kuanzia kiunoni kwenda juu, wanaona shingo, wanaona mikono inavyoshika kikombe, wanaona kucha. Pindo lako la chini hakuna anayelijua. Kioo cha dukani kinakuonyesha ukiwa wima umevuta tumbo, na hiyo ni picha ambayo mezani haitatokea hata dakika moja. Kwa hiyo vaa, chukua kigoda kifupi kabisa ulicho nacho, ukae, utoe pumzi yote. Shika kikombe kilichojaa maji. Nyoosha mkono mwingine ufuate kitu upande wa pili wa meza. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo sebuleni, mume wangu aliniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kuliko wakati wowote.

Mwezi uliopita nilialikwa tena, bustani ile ile. Ningeweza kukataa. Badala yake niliamka Jumanne kabla ya jua, nikaenda Gikomba, soko la mitumba, wakati wanafungua mabeli. Ukichelewa unakuta kamera, zile nguo za daraja la kwanza, zimeondoka na wenye maduka, unabaki kuchambua fagia, yaani mabaki. Nilichambua muda mrefu hadi nikaona kitambaa cha pamba, maua madogo ya buluu, kiuno kimelegea, lebo ya Uingereza. Kwapani safi, na hapo ndipo huwa naangalia kwanza; doa la kwapa halitoki hata ulipe nani. Vifungo viwili vilikuwa vimepotea. Mama akasema 600, tukasumbuana, tukapendana, nikatoa 350.

Vifungo vya kufanana sikuvitafuta. Usivitafute; utazunguka River Road mpaka viatu viishe. Nilinunua sita vipya vyeupe, shilingi 20 kila kimoja, nikamwambia fundi avitoe vyote vya zamani. Hilo peke yake lilibadilisha gauni likaonekana la kushonewa. Mikono ilikuwa mirefu na mipana. Nikaiwekea chaki chini kidogo ya kiwiko, nikamwambia kata hapa. Akanitazama. "Mama, utajuta." Nikamwambia majuto ya mikono mirefu nimeshayamaliza. Fundi alichukua 300. Kwa hiyo gauni zima ni 770, wewe uliye na elfu mbili umeona chenji inayobaki.

Viatu ni bapa, vya ngozi, vile vile vya kazini, nimevipaka kiwi. Nyasi hazina huruma na kisigino, nimeshasema. Nilivaa raba kwenye matatu, nikabadilisha nikiwa langoni. Kichwani hakuna kitu. Mabegani nilibeba leso (khanga), kwa sababu Nairobi ina tabia ya kukuchoma saa kumi na kukugandisha saa kumi na mbili, na jua likishaingia nyuma ya miti mazungumzo ndiyo yanakuwa matamu, huwezi kuondoka. Leso ukiikalia inakulinda na kiti chenye vumbi, ukimwagikiwa unaifunga kiunoni, na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, ukisoma kwa sauti umeanzisha mada.

Kumwagikiwa kwenyewe: chai ikiwa na maziwa, maji baridi, papo hapo. Maji ya moto yanayapika maziwa ndani ya nyuzi na doa linakuwa la kudumu. Nilijifunza hili kwa satini, msinilazimishe kurudi huko.

Nilikaa. Nilipumua. Nilikula sandwichi nne, sambusa mbili, na keki ya ndimu ambayo bado naifikiria. Shangazi wa mwenye nyumba aligoma kunywa chai ya birika, akasema chai isiyochemshwa na maziwa ni dawa ya kikohozi, akaenda jikoni kupika yake na tangawizi; nusu ya meza ikamfuata na vikombe. Mimi nikiwemo.

Na yule wa miwani alikuwepo. Amevaa kitu kinachobana, sitasema zaidi. Alinitazama tangu langoni, na tulipofikia keki akainama upande wangu: "Hilo gauni ni zuri. Ulinunua wapi?"

Siku zote nawahubiria humu msione haya na mtumba. Nimeandika makala tatu. Nilikuwa na nafasi, mbele ya mashahidi, ya kusema Gikomba, mia tatu na hamsini. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Nililetewa kutoka Uingereza."

Si uongo kabisa. Lebo ipo. Beli lilitoka huko. Lakini rafiki yangu wa Kisauni, aliyenisindikiza Gikomba kwa miguu yake, alishika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimtoke puani, na njia nzima ya kurudi aliniita Malkia. Nastahili. Ninyi msifanye hivyo. Semeni mlikonunua, mkitaja na bei. Mimi nina kidonda cha 2022, na siku ile kilitaka kupakwa mafuta kidogo.

Yote haya nilimwandikia yule wa Rongai, kwa ufupi zaidi, nikamwambia akishapata gauni anitumie picha, na iwe ya kukaa.

Jana asubuhi ikaja. Gauni la manjano kutoka soko la Toi, 400, linampendeza kweli, kiuno kimelegea, shingo safi. Amekalia ndoo aliyoipindua, kikombe mkononi, magoti juu, anatabasamu. Nikaikuza picha. Mikono ya gauni ilikuwa imefika kwenye kisahani.

"Mdogo wangu," nikaandika, "mikono."

"Nimeona, dada. Fundi amesema Alhamisi."

Nimemwambia Alhamisi ya fundi ni Ijumaa usiku, kwa hiyo aende na ndoo yake akae pale pale kando ya cherehani.