Maswali ya anga: machweo meupe, radi, na ile "ninunue kamera gani?"

Nataka kuanza kupiga picha za anga. Ninunue kamera gani? (Kadutu)

Hiyo hiyo uliyo nayo. Swali hili lilijibiwa mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Hizo dola zako tafutia trepie (miguu mitatu ya kusimamishia kamera) nzito isiyotikisika, kisha urudi na swali lingine.

Machweo nayaona mekundu kwa macho, lakini picha inatoka nyeupe kama maziwa. Simu imeharibika? (Nguba)

Simu ni nzima, ila umeiachia ikuamulie. Yenyewe haijui machweo ni nini. Inatafuta wastani tu: ikiona milima ya giza huko chini, inaongeza mwanga ili giza lipungue, na mbingu inaungua. Gusa skrini kwenye wingu linalong'aa, si kwenye jua lenyewe. Shikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga hapo, halafu buruta kile kijua kwenda chini hadi rangi irudi. Mwenye kamera, kitufe cha +/− (cha kuongeza na kupunguza mwanga) kiweke −1. Jua likiwa ndani ya picha, −2. Milima ikitoka myeusi tii, iache. Hukuja kupiga milima.

Kosa la pili ni kuacha mpangilio wa weupe (WB kwenye menyu) kwenye otomatiki. Kamera ikikuta rangi ya chungwa imejaa kila mahali inadhani iko chini ya balbu ya nyumbani, basi inamwaga buluu ili "isahihishe". Chagua alama ya jua, usiiguse tena.

La tatu ni haraka. Bukavu, mji wetu huku mashariki mwa Kongo, iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halizami kwa kuteleza pembeni. Linadondoka karibu wima. Mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa kumi na mbili na nusu, na baada ya hapo una dakika ishirini na kitu kabla ya giza. Mawingu ya juu mara nyingi hushika rangi nzito dakika kumi au kumi na tano baada ya jua kupotea, wakati wenzako wamekwisha funga begi na kushuka mtaani.

Ni programu gani inafanya anga iwe ya zambarau kama zile za mtandaoni? (Ibanda)

Zipo nyingi, na zote zinafanya Bukavu ifanane na kanga iliyochujuka. Sitaji hata moja.

Mwaka huu nataka kupata picha ya radi. Nianzie wapi? (Bagira)

Uko mahali pake. Hesabu za radi za satelaiti ya NASA za miaka 16, 1998 hadi 2013, zilipotolewa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, hapa mlangoni petu, ya kwanza Afrika na ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kwa hiyo radi si ya kuwinda. Kazi ni kuwa tayari na kubaki hai.

Piga usiku. Kamera iwe juu ya trepie, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua), shata, yaani pazia la kamera, wazi sekunde 15 hadi 20. Radi yenyewe ni ya kitambo kidogo sana, kwa hiyo mwanga wake unaamuliwa na tundu na ISO, wala si na sekunde. Sekunde zinaamua taa za mji zitaungua kiasi gani. Radi ikiwa mbali fungua hadi f/5.6, ikikaribia funga hadi f/11. Umeme ukikatika mtaani kwako, usilalamike: mji mzima umezima taa kwa ajili yako, nenda hadi sekunde 30.

Fokasi (ukali wa picha) iwekwe kwa mkono. Lenga taa ya ng'ambo ya ziwa, acha kamera iishike, kisha zima otomatiki. Usizungushe pete hadi mwisho ukidhani hapo ndipo mbali kabisa. Lenzi nyingi hupitiliza, na picha inatoka na ukungu ambao hutauona hadi kesho. Zima pia kile kipengele cha kupunguza chembechembe kwenye picha za muda mrefu. Kikiwa kimewashwa, baada ya kila picha ya sekunde 20 kamera inakaa sekunde 20 nyingine ikipiga picha ya giza, na radi bora ya usiku huo itaanguka hapo hapo.

Sasa hatari, ambayo hukuiuliza. Hesabu sekunde kutoka mwale hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikishuka chini ya thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Ingia ndani, usitoke hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Barza si ndani. Chini ya mwembe si ndani. Trepie ya chuma juu ya paa la mabati, hiyo sitaijadili. Weka kamera nyuma ya dirisha, mdomo wa lenzi ugusane na kioo, taa za chumbani zote zimezimwa.

Kwa nini mwezi wangu ni tone jeupe? (msomaji wa Muhumba, na wengine wengi)

Kwa sababu mwezi ni jiwe lililopigwa na jua la mchana, nawe unaupiga kama usiku. ISO 100, f/11, shata 1/100 ya sekunde. Ukubwa nao ni hesabu: gawa milimita za lenzi kwa 110. Lenzi ya 50 inakupa mwezi usiofika nusu milimita juu ya kihisi (kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha). Ya 200, chini kidogo ya milimita mbili. Ukitaka mashimo yake, piga mwezi nusu, kivuli kinapolala pembeni. Mpevu ni bapa kama sahani. Ukitaka mwezi pamoja na vilima vya Rwanda, piga siku moja kabla haujajaa: utachomoza kungali na mwanga wa jioni.

Naweza kupiga mapambazuko nikiwa kwenye daraja la Ruzizi? (Panzi)

Hapana. Mpaka, daraja, askari, kambi: lenzi isielekee huko, hata kama wingu ni la dhahabu. Mapambazuko hayo hayo yanaonekana kutoka uani kwenu.

Madoa yaleyale ya kijivu yanatokea kwenye kila picha ya anga. (Ibanda)

Vumbi juu ya kihisi. Linajificha kwenye f/4, linajitokeza f/16. Piga ukuta mweupe kwa f/22 ulione. Chaji betri ijae, toa lenzi, fungua shata kwa menyu ya usafishaji, kamera itazame chini, pulizia kwa kipulizio cha mpira. Kwa mdomo usithubutu: mate hukauka, na vumbi linageuka gundi. Halafu f/22 tena.