Mwanangu, mkumbuke Mzee Zawose kwa kuanza na ilimba

Mwanangu,

Huku nyumbani sote wazima. Umeuliza kwamba shule imekupa dakika 30 kumkumbuka Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mbele ya kidato cha pili, na hujui uanzie wapi: kwenye muziki, kwenye familia au kwenye utumishi wake. Jibu halikutosha kwenye simu.

Usianze na tarehe. Azima ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, iweke mezani, waache waiangalie kwanza. Ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani. Juu yake kuna vyuma bapa, kila kimoja kimelazwa juu ya daraja na kukandamizwa nyuma yake na ufito uliokazwa kwa waya. Ncha inayobaki huru ndiyo inayobonyezwa kwa dole gumba. Ukikivuta chuma kuja kwako, ncha inarefuka na sauti inashuka. Ukikisukuma nyuma inafupika, sauti inapanda. Waya ukilegea, vyuma vinateleza, na kufikia wimbo wa tatu tayari chombo kimepotoka. Kwa hiyo kague waya kabla hujaingia darasani, si mbele yao.

Halafu waonyeshe tundu. Limezibwa kwa utando mweupe unaotolewa kwenye mfuko wa mayai ya buibui, na huo ndio unaoleta ule mvumo kama wa nyuki. Mtoto mmoja akiutoboa kwa kidole, mvumo unakufa. Watadhani chombo sasa kinatoa sauti safi zaidi, kumbe kimenyang'anywa nusu ya sauti yake. Nenda na utando wa akiba, ukavu, ndani ya kiberiti.

Sasa waambie: si vyuma vyote vinavyobonyezwa. Vingine vipo ili vivume vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Mzee Zawose aliiongeza ilimba hadi ikapita vyuma 60, na ndiyo maana mtu anayesikiliza rekodi zake hudhani wanapiga watu wawili.

Kosa ambalo walimu wengi wa muziki hufanya ni kurekebisha sauti za ilimba kwa programu ya kurekebishia gitaa. Usithubutu. Sauti za Kigogo zinafuata ngazi ya asili, ambayo kila sauti ni kizidisho kamili cha sauti moja ya msingi. Chukua simu, tafuta programu ya kutoa sauti, uwasikilizishe hezi (mitetemo kwa sekunde) 400, 500, 600, 700, 800 na 900, moja baada ya nyingine. Ile ya 700 itawashtua, kwa sababu, ukiianza ngazi ya kinanda kwenye ile ya 400, iko chini ya noti iliyo karibu nayo kwa takriban senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Anayeijua kwaya ya kanisani peke yake atasema imekosewa. Haijakosewa.

Hapo ndipo uingize maisha yake, na uyapitishe upesi. Alizaliwa Doda, mkoani Dodoma, mwaka 1938. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam akapige katika kikundi cha taifa, na baadaye akawa Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Akazunguka Ulaya na kwingineko na WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yake ya Chibite. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Utakuta imeandikwa mahali kwamba sauti yake ilikuwa na oktava tano. Iache hiyo. Wapigie dakika mbili za rekodi, wasikie anavyotoka kwenye ngurumo ya kifuani hadi sauti nyembamba ya juu, wahesabu wenyewe.

Kuhusu familia na utumishi, usivitenganishe, maana kwake havikutengana. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu wa nyumbani: watoto, na mpwa wake Charles aliyerekodi naye. Kufundisha namna hiyo hakuhitaji daftari. Mtoto anakaa ubavuni, anapewa kwanza njuga za mguuni ashike mwendo, kisha kuitikia, na ilimba huja mwisho. Waeleze pia zeze, ala ya nyuzi yenye kibuyu, ngozi na upinde, lakini kwa sentensi moja. Ukianza kulichambua muda utakwisha.

Bila shaka atatokea binti atakayeuliza kama wanawake nao walipiga. Mjibu kwa uangalifu. Ngoma ya muheme ni ya wanawake wa Kigogo, wanaibana mapajani na kuipiga kwa mikono. Ila kuongoza nyimbo na kushika ilimba mbele ya watu kulikuwa zaidi kwa wanaume. Bintiye Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens. Hiyo ipige mwisho, sauti ikiwa juu.

Na spika ile ndogo ya darasani usiitumie: inakata sauti nzito, na vyuma virefu havitasikika vizuri. Omba ile ya ukumbini mapema, siku mbili kabla.

Baba yako