Barua kwa mwanangu: sauti kwanza, gitaa baadaye

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema unataka kuanzisha podikasti ya simulizi zako mwenyewe, isiyo na mahojiano wala mtangazaji, maneno na muziki vikisukwa pamoja, na kwamba vipande vitatu ulivyokwisha kutengeneza vinasikika kama wimbo ambao mtu anaongea juu yake. Unauliza kosa liko kwenye maiki au kwenye hadithi, na kama ununue vifaa vipya kwanza.

Usinunue kitu. Kosa liko kwenye utaratibu ulionieleza: unapiga gitaa dakika nne, kisha unatafuta maneno ya kuweka juu yake. Hapo maneno yanalazimika kukimbizana na mapigo, unarefusha sentensi ili zifike mwisho wa mzunguko, na mahali pa kunyamaza hapapatikani kwa sababu gitaa limekwisha kupajaza. Geuza kazi. Andika, rekodi sauti tupu, hariri mpaka hadithi isimame bila noti hata moja, ndipo uchukue gitaa. Najua ni vigumu kwa mtu aliyezoea kubebwa na ala, lakini ukianzia kwenye muziki hutajua kama hadithi yenyewe ina miguu.

Kuandika kwa ajili ya sikio kuna mtego ambao lugha yetu inautega vizuri sana. Kiambishi a- hakisemi ni nani. Chukua sentensi hii: "Juma alimkuta Hamisi mlangoni akamwambia amechoka." Nani amechoka? Msomaji wa karatasi anarudi juu akatafute. Msikilizaji anayeosha vyombo harudi, na akishapotea hapo, sentensi mbili zinazofuata zinampita. Rudia jina, hata kama kwenye karatasi linaonekana limezidi. Na kila unapojikuta umeandika "ambaye" au "ambacho" mara mbili katika sentensi moja, ikate. Kipimo changu ni pumzi: sentensi usiyoweza kuimaliza kwa pumzi moja, msikilizaji naye hawezi kuishika. Soma yote kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Kwa kipindi cha mtu mmoja anayesimulia, dakika 12 hadi 15 zinatosha kwa kuanzia.

Sasa kurekodi. Maiki yako ya jukwaani, ile ya dainamiki, inafaa kuliko unavyofikiri, kwa sababu haichukui sana sauti ya chumba. Maiki ya kondensa husikia friji na mbwa wa jirani, na katika chumba kitupu itakuumiza kichwa. Kaa vidole vinne kutoka kwenye maiki. Ukisogea zaidi, besi ya sauti yako inavimba. Ukirudi nyuma, chumba kinaingia. Ielekeze kwenye kona ya mdomo, si katikati, ili upepo wa "p" na "b" upite pembeni. Maneno kama "pumzi" na "baba" ndiyo yatakayokuonyesha kama umeiweka sawa.

Chumba kina uzito kuliko maiki. Watu hutundika blanketi mbele yao, nyuma ya maiki, wakati maiki ya namna hii inaelekea kwao na kuona ukuta ulio nyuma ya migongo yao. Tundika blanketi zito nyuma yako na pembeni, au kaa huku mgongo ukielekea kabati la nguo lililo wazi. Piga kofi moja: ukisikia mlio mkali unaofuata, bado. Mwangwi unaweza kuuongeza baadaye wakati wowote unapoutaka, lakini ukishaingia kwenye rekodi huutoi ukatoka wote.

Rekodi faili za WAV, zile zisizobanwa, kHz 48, biti 24, na uache vilele vya sauti vifike karibu na desibeli -12, ambapo sifuri ndiyo dari ya rekodi. Usiogope kwamba ni ndogo. Biti 24 zinakupa nafasi ya kuipandisha baadaye bila kelele, lakini sauti iliyogonga sifuri imepasuka na haitengenezeki. Saa moja ya sauti ya chaneli moja ni kama megabaiti 520, basi tafuta diski mbili, na nakala moja isikae nyumba moja na nyingine. Kabla hujazima, kaa kimya sekunde 60 huku inarekodi. Kimya hicho cha chumba ndicho utakachokiweka kila unapokata neno au kurefusha kituo. Ukiweka utupu kamili wa kompyuta, sikio linasikia shimo, kana kwamba simu imekatika.

Kwenye kuhariri, tabia ya mwanamuziki ni kupanga kila kitu kwenye gridi ya mapigo. Izime gridi. Maneno hayafuati mapigo yaliyo sawa. Punguza sauti ya pumzi, usizifute, maana mtu asiyevuta pumzi anatisha kumsikiliza. Kila mkato uunganishe kwa mpito mfupi wa milisekunde 5 hadi 10, la sivyo utasikia "tik". Ondoa mngurumo ulio chini ya hezi 80, weka kompresa, ile inayobana sauti kubwa zisizidi mno ndogo, ya 3:1 inayopunguza desibeli 3 hadi 6 kwenye vilele, na uishie hapo.

Sehemu unayoipenda ndiyo yenye mitego mingi. Muziki ulio chini ya maneno uwe kama desibeli 15 chini yake, na ukikosea, kosea kwa kuushusha. Konsonanti, ambazo ndizo zinazofanya neno lieleweke, zinaishi kwenye kHz 2 hadi 4, mahali pale pale gitaa la nyuzi za chuma linapong'aa. Punguza eneo hilo kwa desibeli 3 au 4 kwenye traki ya gitaa, si kwenye sauti yako. Tafuta pia sauti yako ya kuongea inaangukia noti ipi, kwa sababu kila mtu anayo. Ala inayoshikilia noti ndefu karibu na hapo itakufunika hata ikiwa ndogo. Ipandishe au ishushe oktavu moja na utajisikia ukitokeza. Uimbaji wenye maneno usiuweke kamwe chini ya simulizi. Ubongo hausikilizi sentensi mbili, na utachagua ile inayoimbwa.

Tuseme una sentensi hizi: "Gitaa lilikuwa bado ukutani. Uzi mmoja haukuwepo." Mkono wako utataka kuleta noti ya huzuni chini ya "ukutani". Ukifanya hivyo umekwisha kumwambia msikilizaji ahuzunike kabla hajajua kilichotokea. Acha "haukuwepo" liishe. Weka kimya cha chumba sekunde mbili nzima, ambazo kwako zitaonekana kama kumi. Kisha piga kodi ile ile iliyofungua kipindi, ila uruke uzi mmoja. Hakuna haja ya kueleza. Majaribio ninayotamani uyafanye ni ya namna hii, ambapo muziki unabeba jambo ambalo maneno hayajalisema.

Umegusia pia kutaka sauti mbili ziongee kwa pamoja. Msikilize Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, ambaye mwaka 1967 alitengenezea redio kipindi kiitwacho The Idea of North. Watu wanaongea wakipishana na kufunikana, kila mmoja akiingia kama sauti mpya katika fuga, utunzi ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine, na chini yao treni inanguruma mithili ya besi. Sauti zile hazina ukubwa sawa, ndiyo maana hazigeuki kelele. Nawe mpe msemaji wa kwanza sentensi nzima peke yake ili sikio limshike, ndipo wa pili aingie chini yake, na wasikae pamoja zaidi ya sekunde kumi hivi. Usimweke mmoja kushoto kabisa na mwingine kulia kabisa: anayesikiliza kwa sikio moja atampoteza mmoja wao. Sauti inayosimulia ibaki katikati, na kila kipindi kijaribu kwenye spika ya simu, ambako besi za chini karibu zote hutoweka.

Mwisho wa kumiksi, pima uwe karibu na LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) kwa stirio, au -19 kwa chaneli moja, na kilele kisizidi desibeli -1. Toa MP3 ya kilobiti 128. Dakika moja ni kama megabaiti moja. Picha ya jalada iwe ya mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000. Kokote utakakohifadhi vipindi, hakikisha anwani ya RSS, ile inayopeleka vipindi vyako kwenye programu za wasikilizaji, imesajiliwa kwa barua pepe yako mwenyewe na kwamba wanaruhusu kuielekeza kwingine siku ukihama, usije ukawaacha wasikilizaji wako huko nyuma.

Kuhusu nyimbo zako za zamani, tulia kidogo. Kila wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Hata kama umeutunga wewe, rekodi inaweza kuwa mali ya aliyeigharamia, na mikataba mingi inakataza kuurekodi upya kwa miaka kadhaa. Soma mkataba wako kwanza. Ile imani kwamba sekunde chache za wimbo wa mtu zinaruhusiwa haina msingi, na leseni ya redio kwa kawaida haikulindi, kwa sababu podikasti inapakuliwa, na kupakua ni kunakili. Njia nyepesi ni kutunga vipande vipya vya sekunde 20 hadi 60 na kuvirekodi mwenyewe.

Jambo la mwisho si la ufundi. Simulizi zako zina watu ndani yake, na wengine ni ndugu zako. Mimi nimekubali, lakini ruhusa yangu haimfungi kaka yako. Msomee sehemu inayomhusu kabla hujarekodi, si baada, maana baada ya kumiksi utakuwa umeipenda mno kuibadilisha.

Tengeneza vipindi vitatu kamili kabla hujatoa cha kwanza. Panga saa moja ya kazi kwa kila dakika iliyokamilika, na usishangae ikizidi. Hicho cha kwanza nitumie kikiwa sauti tupu, WAV, bila gitaa. Nitakaa nacho na kalamu, nikuandikie dakika na sekunde ya kila mahali nilipopotea.

Akupendaye,
Mama