Kabla ya kukariri maswali ya uraia wa Marekani, elewa waanzilishi waliogopa nini

Kama umeshatuma fomu ya N-400, ya kuomba uraia, na unasubiri kuitwa kwenye usaili, ushauri wangu ni ule ule ninaowapa wanaokuja kwenye darasa letu la Jumamosi hapa Columbus, Ohio: karatasi ya maswali na majibu iweke pembeni kwanza. Anza kwa kujua walioandika Katiba ya Marekani walikuwa wanaogopa nini.

Darasani kwetu wengi ni Wakongo na Warundi waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wachache ni Watanzania na Wakenya. Ninachokiona kila msimu ni kwamba aliyekariri tu huchanganya namba: marekebisho 27 ya Katiba, maseneta 100, wawakilishi 435, majaji 9 wa Mahakama ya Juu. Ukimgeuzia swali kidogo anakwama. Aliyeelewa husita, anafikiri, halafu anapata. Na mtihani mpya una maswali yanayouliza sababu: kwa nini mihimili ya serikali ni mitatu, kwa nini muhula wa mwakilishi ni mfupi kuliko wa seneta. Huko kukariri peke yake hakukufikishi mbali.

Hofu ya kwanza ilikuwa mamlaka makubwa yasiyo na wa kuyazuia. Makoloni 13 yalitozwa kodi na Bunge la Uingereza ambalo halikuwa na mjumbe wao hata mmoja, na juu yake alikaa Mfalme George III. Tarehe 4 Julai 1776, wajumbe wao mjini Philadelphia walipitisha Azimio la Uhuru, ambalo rasimu yake aliiandika Thomas Jefferson. Mawazo yake mengi yalikuwa yamekwisha kuelezwa na Mwingereza John Locke karibu miaka mia kabla, lakini hapa kwa mara ya kwanza yakafanywa msingi wa nchi: binadamu wote wameumbwa sawa, wana haki zisizoweza kuondolewa, zikiwemo uhai, uhuru na kutafuta furaha, serikali hupata mamlaka yake kutoka kwenye ridhaa ya wanaotawaliwa, na serikali ikiziharibu haki hizo, wananchi wanaweza kuibadilisha.

Kaa na sentensi hizo. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo haki hutajwa kama zawadi: serikali imetupa, serikali imeturuhusu. Azimio linaanzia upande wa pili. Mtu ana haki zake kabla serikali haijakuwepo, na serikali inaundwa ili izilinde. Ukilishika hilo, swali la uhuru wa dini au wa kujieleza halitakusumbua tena.

Hofu ya pili watu huisahau, na bila yake Katiba haieleweki: waliogopa pia serikali dhaifu. Mkataba wao wa kwanza wa muungano, ulioanza kutumika 1781, ulikwepa mfalme kiasi cha kutoacha rais wala mahakama za kitaifa. Kongresi, yaani bunge lao, haikuweza kutoza kodi. Kuubadilisha mkataba kulihitaji majimbo yote 13 yakubali. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni, wengine wao askari wa vita vya uhuru, walianza kufunga mahakama kwa nguvu wakiongozwa na Daniel Shays, na serikali ya kitaifa haikuwa na fedha wala jeshi la kufanya lolote la maana.

Ndiyo maana 1787 wajumbe 55 kutoka majimbo 12 walikutana tena Philadelphia, George Washington akiwa mwenyekiti. Rhode Island ilikataa kutuma mtu. Tarehe 17 Septemba, 39 wakatia saini. Walichokuwa wanakitafuta ni serikali yenye nguvu za kutosha kufanya kazi, lakini isiyoweza kumgeukia mwananchi.

Jibu lao lilikuwa kuyagawa mamlaka. Kongresi inatunga sheria, Rais anazitekeleza, mahakama zinazitafsiri. Lakini kugawa peke yake hakutoshi. James Madison alisisitiza kwamba kila mhimili lazima uwe na njia ya kuuzuia mwingine. Rais anaweza kuukataa muswada kwa kura ya turufu; Kongresi inaweza kuupitisha hata hivyo ikipata theluthi mbili ya kura kwenye kila baraza lake, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Rais anateua majaji, Seneti inawathibitisha. Tangu kesi ya Marbury ya 1803, Mahakama ya Juu imekuwa ikitamka kuwa sheria fulani ni batili kwa sababu inakwenda kinyume na Katiba.

Haya yote ni makavu yakibaki kwenye karatasi, kwa hiyo darasani huwa natumia visa viwili. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma. Rais Harry Truman akaamuru serikali ivichukue viwanda ili uzalishaji usisimame. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ikasema kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba Rais hana mamlaka hayo bila sheria ya Kongresi. Truman akavirudisha. Mwaka 1974 Rais Richard Nixon aliamriwa na mahakama hiyo hiyo kukabidhi kanda zilizorekodiwa ofisini kwake. Majaji wote 8 waliosikiliza kesi walikubaliana, na 3 kati yao alikuwa amewateua yeye. Alizikabidhi, na tarehe 9 Agosti akajiuzulu. Mwanafunzi akishasikia visa hivi, ukimuuliza utawala wa sheria ni nini hajibu kwa kubahatisha: hakuna aliye juu ya sheria, hata kiongozi wa nchi.

Sehemu inayowatesa watu wetu kuliko zote ni majimbo. Mtanzania anajua mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na Rais akitaka anamwondoa leo. Akifika hapa anamwona gavana kwa jicho hilo hilo. Gavana wa Ohio anachaguliwa na watu wa Ohio, na Rais wa Marekani hawezi kumfukuza. Wakenya hulielewa jambo hili haraka kwa sababu wana magavana wa kaunti wa kuchaguliwa tangu 2013, ila nao nawatahadharisha: kaunti zilizaliwa na Katiba ya 2010, wakati hapa majimbo yale 13 ndiyo yaliyotangulia, yakakubali kutoa sehemu ya mamlaka yao kwa serikali ya kitaifa. Rekebisho la Kumi la Katiba linasema mamlaka ambayo Katiba haikuipa serikali ya kitaifa, wala haikuyakataza majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa hiyo leseni ya udereva ni ya jimbo. Shule na polisi vivyo hivyo husimamiwa na jimbo na serikali za mitaa. Ukilijua hili unafaidika hata nje ya mtihani: ukiwa na malalamiko kuhusu shule ya mwanao, nenda kwenye kikao cha bodi ya shule ya wilaya yenu. Kina nguvu kwenye jambo hilo kuliko mtu yeyote aliyeko Washington.

Marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba yalithibitishwa 15 Desemba 1791. Wengi walikuwa wamegoma kuiunga mkono Katiba kwa kuwa haikuorodhesha haki za watu. George Mason wa Virginia alikataa kabisa kutia saini. Rekebisho la kwanza peke yake lina uhuru tano: wa kusema, wa dini, wa vyombo vya habari, wa kukusanyika kwa amani, na wa kuipelekea serikali malalamiko. Yajue yote matano.

Kisha kuna utumwa, na nakuomba usiuruke. Kijana mmoja aliniuliza darasani: walisemaje watu wote ni sawa huku wanamiliki watu? Ni swali sahihi kabisa. Jefferson alimiliki mamia ya watumwa maishani mwake. Katiba ya 1787 ilihesabu watumwa kama tatu ya tano ya idadi yao ili kugawa viti vya uwakilishi, na ikaizuia Kongresi kupiga marufuku uingizaji wao hadi 1808. Lakini Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alisimama Rochester mwaka 1852 na kuwashtaki Wamarekani kwa maneno ya Azimio lao wenyewe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rekebisho la 13 la 1865 lilikomesha utumwa, la 14 la 1868 likaweka uraia kwa kuzaliwa na ulinzi sawa wa sheria, la 15 la 1870 likakataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Wanawake walisubiri hadi Rekebisho la 19 la mwaka 1920. Soma la 14 kwa makini: ulinzi ule unatajwa kwa kila mtu aliye chini ya sheria za jimbo, si kwa raia tu. Wewe mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu, umo ndani yake tayari.

Baada ya hapo ndipo uchukue karatasi ya maswali. Angalia kwanza tarehe uliyotuma fomu. Ukiwa umeituma 20 Oktoba 2025 au baadaye, orodha yako ina maswali 128; ofisa anakuuliza hadi 20 na unatakiwa kupata 12. Aliyetuma kabla ya hapo ana orodha ya maswali 100, anaulizwa hadi 10, anatakiwa kupata 6. Mzee wa miaka 65 na zaidi ambaye amekuwa mkazi wa kudumu kwa miaka 20 ana orodha yake fupi ya maswali 20, anaulizwa 10 kwa lugha yake kupitia mkalimani, na 6 yanamtosha. Kama una mama au baba wa umri huo nyumbani, msomee maswali kwa sauti kwa Kiswahili jioni, bila kumbebesha orodha ndefu isiyo yake. Majina ya Rais, gavana, maseneta na Spika yaangalie upya wiki ile ya usaili, maana anayetakiwa ni aliyeko madarakani siku hiyo.