Nimeokoka, Mbona Tabia Zilezile Zinarudi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nimepita mbele kuongozwa sala ya toba zaidi ya mara tatu. Kila mara nalia, najisikia mwepesi, lakini wiki mbili tatu zikipita narudia pombe, na nyumbani naendelea kudanganya nilikokuwa. Ina maana mara zote hizo sikuokoka? Nipite tena?

JIBU: Asifiwe sana, ndugu. Usipite tena kwa sababu hiyo. Yesu alipozungumza na Nikodemo usiku ule wa Yohana 3 alitaja kuzaliwa, na mtoto akijikwaa hazaliwi upya, huinuliwa akafundishwa kutembea. Kupita mbele kila baada ya anguko kunakupa nafuu ya siku chache, halafu kunakuzoesha kutafuta machozi badala ya utii. Tatizo letu makanisani ni kwamba tunahesabu waliookoka jioni ile ya mkutano, na wiki inayofuata hakuna anayewafuatilia.

Ila jipime kwanza. Katika 2 Wakorintho 7 Paulo anataja huzuni mbili: iliyo kwa jinsi ya Mungu, inayoleta toba, na ya dunia, inayoleta mauti. Ya dunia hulia kwa sababu mke amejua, mshahara umekwisha, heshima imeshuka. Ile nyingine hulichukia kosa hata pale ambapo hakuna aliyeliona. Jiulize: kama pombe isingekugharimu chochote, ungetaka kuiacha? Jibu likiwa hapana, mwambie Mungu hivyohivyo, bila kupamba, umwombe akupe moyo unaotaka. Sala hiyo ni ya kweli kuliko ahadi kumi za kuacha.

Jibu likiwa ndiyo, basi soma Mathayo 12:43-45. Pepo mchafu anatoka, nyumba inafagiwa na kupambwa, lakini ni tupu. Anarudi na wenzake saba waovu kuliko yeye. Waongofu wengi huishia kwenye kufagia. Waefeso 4:22-24 ina hatua tatu: kuvua utu wa zamani, kufanywa wapya katika nia, kuvaa utu mpya. Mistari inayofuata inaonyesha kwa mifano. Mwongo aseme kweli. Mwizi asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Yaani kwa Paulo mwizi hajamaliza kuacha wizi mpaka amekuwa mtoaji. Wewe umevua mara kadhaa. Umevaa nini?

Chukua daftari. Andika maanguko yako matatu ya mwisho, kila moja kwa mambo manne: saa ngapi, mahali gani, nani alikuwepo, na nini kilitokea saa chache kabla. Mara nyingi utaona mlolongo uleule unajirudia: ugomvi kazini, simu ya rafiki fulani, njia ya kupitia baa, kisha uongo wa kufunika. Dhambi hukatwa mwanzoni mwa mlolongo huo. Kushindana nayo glasi ikiwa mezani ni kuchelewa. Badili njia, sema hapana kwenye ile simu, na saa ile ya hatari iwe na kazi yake: kikundi cha maombi, kwaya, kumsaidia mtoto masomo. Saa iliyoachwa wazi hujazwa na mwenyeji wake wa zamani.

Hapa tuseme jambo ambalo mimbarini halisemwi vya kutosha. Kama umekuwa ukinywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege, na wapo wanaokufa. Mwone daktari kwanza, akusaidie kuacha kwa usalama. Kumwona daktari hakupunguzi imani.

Uongo dawa yake ni nuru. Tafuta mtu mmoja wa jinsia yako, aliyekomaa katika imani, asiye na mdomo mwepesi, na mkutane kila wiki siku na saa ileile. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi zetu sisi kwa sisi, na kuungama maana yake ni kutaja jambo lenyewe. “Niombee, nina udhaifu” haijamwambia kitu. “Jumanne nililewa, nikamwambia mke wangu nilikuwa kazini” imemwambia. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, aliwapanga wafuasi wake kuanzia 1742 katika vikundi vya watu wapatao 12, kila kimoja na kiongozi wa kuuliza kila wiki hali ya roho zao. (Mpango huo ulianza Bristol, Uingereza, kama njia ya kukusanya senti za kulipa deni la jengo, viongozi walipopita nyumba kwa nyumba ndipo wakaona maisha halisi ya watu.)

Ukianguka tena, usisubiri Jumapili. Ungama kwa Mungu papo hapo ukishika ahadi ya msamaha ya 1 Yohana 1:9, mpigie yule ndugu siku hiyohiyo, sahihisha uongo uliousema, kisha urudi kwenye daftari uone ni wapi mlolongo ulianza. Shetani hapati faida kubwa kwenye anguko lenyewe kama anavyopata kwenye siku zile unazojificha baada yake.

Na usianze na mfungo mrefu, kukesha kila usiku na sura kumi za Biblia kwa siku. Utachoka mapema, kisha utajihesabu umerudi nyuma. Anza na dakika 15 kila asubuhi. Injili ya Marko ina sura 16. Sura moja kwa siku, halafu Warumi 6 hadi 8 polepole, ukirudia.

SWALI: Kabla sijaokoka nilikuwa nachukua fedha za tajiri wangu kidogo kidogo. Mungu amenisamehe. Lazima nirudishe?

JIBU: Rudisha. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuambiwa afanye hivyo. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake mwenyewe alitamka kuwa atarudisha mara nne ya alichonyang'anya (Luka 19:8). Torati kwa anayeungama kwa hiari ilidai kiasi chote na sehemu ya tano juu yake, Walawi 6:5. Hununui msamaha kwa kurudisha. Unamwondolea jirani hasara uliyomtia. Kadiria kiasi kwa uaminifu, na ukikosa uhakika elemea upande wa juu. Nenda ana kwa ana, taja kosa bila kueleza kwa nini maisha yalikuwa magumu, na uende na mpango wa malipo ulioandikwa hata kama ni kidogo kila mwezi. Anaweza kukufukuza au kukushtaki, kwa hiyo zungumza kwanza na mchungaji wako na mtu anayejua sheria. Hatari hiyo iingie kwenye hesabu, lakini isiwe sababu ya kukaa kimya.

SWALI: Wenzangu wanajua siku na saa waliyookoka. Mimi nimelelewa kanisani na siijui. Je, nina kasoro?

JIBU: Huna. Matendo 16 ina Lidia, ambaye Bwana aliufungua moyo wake akiwa anasikiliza tu, na ina askari wa gereza aliyeokoka usiku wa tetemeko. Timotheo alijua maandiko tangu utoto. Uliza kama unamwamini Kristo leo, na kama tunda la Wagalatia 5:22-23 linaonekana. Waulize watu wa nyumbani kwako, maana wao ndio mashahidi wagumu.

SWALI: Mume wangu ameokoka, ana miezi mitano. Alimaliza akiba yetu kwenye kamari. Sasa anasema nikimnyima kadi ya benki, sijamsamehe. Nifanyeje?

JIBU: Dada, anachanganya mambo mawili. Msamaha unaweza kuutoa leo. Uaminifu hujengwa kwa matendo yanayoonekana. Sauli (Paulo), aliyekuwa akiwatesa waamini kabla ya kuokoka, alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, hawakusadiki kuwa ni mwanafunzi, na Mungu hakuwakemea. Barnaba ndiye aliyesimama akaeleza aliyoyaona (Matendo 9:26-27). Mtafute Barnaba wenu, mzee wa kanisa au mshenga, mkae wote watatu. Kubalianeni awe na fedha ya matumizi ya wiki kwa mkono, wewe ushike kadi, afunge akaunti zake zote za kamari mbele yenu, na taarifa ya benki muisome pamoja kila mwisho wa mwezi. Pangeni miezi sita, kisha mkae tena na kumwongezea kidogo. Na tangu sasa angalia anavyopokea kuulizwa. Aliyetubu huona aibu lakini hufungua simu na kuonyesha. Akigeuza kila swali kuwa kosa lako, au akianza kukutisha, usibaki peke yako na jambo hilo. Mwambie yule mzee mapema, na kadi ibaki kwako.