Mfamasia Anajibu: Je, kidonge cha presha kina sumu ya nyoka?

SWALI: Ninauza dagaa Kirumba Mwaloni. Baba yangu ana presha na anatumia captopril. Mwanangu anayesoma kemia chuoni alikuja likizo, akamwambia babu yake kuwa dawa hiyo ni peptidi ya sumu ya nyoka iliyobadilishwa. Mzee amegoma kumeza. Halafu kuna kijana anapitisha unga hapa mwaloni, anauita peptidi ya dagaa, eti unashusha presha bila kemikali. Nishike lipi?
Muuza dagaa, Mwanza

JIBU: Mwangaluka mayu. Kwanza mpelekeni mzee akapimwe presha leo, arudi kumeza dozi aliyoandikiwa. Habari za nyoka zitamkuta kesha meza.

Mwanao hakudanganya, ila hadithi aliikatisha njiani. Nyoka mwenyewe ni jararaca wa Brazili, ambaye sumu yake huangusha presha ya mtu. Mwaka 1965 Sergio Ferreira, mtafiti wa huko huko, alieleza kuwa ndani ya sumu hiyo mna kitu kinachoipa nguvu bradikinini, kemikali ya mwilini inayotanua mishipa. Zilikuwa peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na ikaja kujulikana kuwa zinazuia kimeng'enya kiitwacho ACE, ambacho huivunja bradikinini na pia hutengeneza homoni ya kubana mishipa.

Peptidi mojawapo, ya asidi amino tisa (asidi amino ndivyo vijenzi vya protini), ilitengenezwa maabara ikajaribiwa kwa wagonjwa. Presha ilishuka, lakini kwa sindano tu. Ukiimeza, tumbo halijui kuwa hiyo ni dawa. Linaimeng'enya pamoja na sangara uliyemla mchana.

Hapo Miguel Ondetti na David Cushman wa kampuni ya Squibb, Marekani, wakafanya kazi ninayoipenda kuliko zote katika famasia. Waliachana na mnyororo mrefu, wakachukua prolini, asidi amino inayokaa mwishoni mwake, wakaiunga na kipande kifupi cha asidi ya suksini. Kikazuia ACE, ila kinyonge. Wakarekebisha umbo kidogo. Kisha, kwa kuwa katikati ya ACE kuna chembe ya zinki, na salfa hushikana sana na zinki, waling'oa kundi la asidi upande mmoja wakapachika la salfa na hidrojeni. Nguvu ikapanda karibu mara elfu moja! Ni chambo tu: kimeng'enya kinauma kikidhani ni riziki yake, kinanasa. Captopril ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981, na inatengenezwa kiwandani mwanzo hadi mwisho. Hakuna nyoka anayekamuliwa.

Mwambie mzee anuse vidonge vyake. Ile harufu hafifu ya yai viza ndiyo salfa yenyewe. (Wateja hunirudishia dawa kaunta kwa ajili ya harufu hiyo, nami siwalaumu.)

Sasa huyo kijana. Ni kweli Wajapani walipata katika nyama ya sardini peptidi ya asidi amino mbili tu, valini na tairosini, inayozuia ACE. Lakini waliipata baada ya kuikata protini kwa vimeng'enya, wakaichambua na kuipima kiasi chake. Kusaga dagaa kwenye mashine ya unga si kazi hiyo. Wewe bei ya dagaa unaijua kuliko mimi. Linganisha na anayotaka yeye. Ukitaka kuunga uji wa watoto, sawa. Mzee asiache dawa kwa ajili yake.

Captopril humezwa saa moja kabla ya kula. Akianza kikohozi kikavu kisichoisha, ni bradikinini inayorundikana kwa kuwa ACE imezuiwa. Daktari anaweza kumbadilishia dawa, asijikatie mwenyewe. Midomo, ulimi au uso ukivimba, asimeze tena, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Na hapo nyumbani kama kuna binti mjamzito mwenye presha, asiazime vidonge vya babu: dawa za kundi hili humdhuru mtoto tumboni.