Wateja wanaishia getini? Anza na geti lenyewe

Mkuu, kama nyumba yako ya Mbezi unayouza iko poa ndani ila wateja wanachungulia tu na kuondoka, mimi ningeanzia getini kabla hata hujafikiria kushusha bei. Mteja akifika anasimama pale kusubiri afunguliwe, hana kingine cha kuangalia, kutu ya chini anaiona na bawaba zikilia anazisikia. Usipake rangi juu ya kutu aisee, haidumu itabanduka tu. Chukua brashi ya waya kwangua mpaka chuma kionekane, piga msasa, pitisha redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) iache ikauke vizuri ndo upige rangi ya mafuta, na bawaba tia grisi.

Kwenye pevingi ng'oa majani yaliyoota katikati, ule ukungu wa kijani sugua kwa brashi ngumu maana ukilowa unateleza sana. Mlango kama ni mninga nakuomba usiupake rangi, huo ni mtaji, piga msasa kufuata nyuzi za mbao halafu vanishi. Viatu, ndoo, mtungi wa gesi toa vyote barazani. Taa ya nje iwake, wengine wanakuja jioni wakitoka kazini.

Ila ukuta wa hapo mlangoni kama una fangasi kwa chini, kupaka rangi tu ni kuwaficha watu, tafuta kwanza maji yanatoka wapi, bomba au mtaro, rekebisha, na mteja akiuliza mwambie ukweli ulirekebisha nini.